Marehemu Alinijibu Meseji

Simu ililia tii... mara moja tu.

Nilikuwa nimeketi kwenye kivuli cha ukuta, hapa kwangu Nyahanga, Kahama, nageuza michembe, vile vipande vya viazi vitamu, niliyoanika kwenye turubai. Jua kali. Kuku wamelala chini ya tela la jirani. Mchana kweupe, wajukuu zangu, msije mkasema bibi alikuwa ndotoni!

Nikafuta mikono kwenye kanga. Nikavaa miwani yangu, ile niliyoifunga uzi wa katani baada ya mguu mmoja kukatika.

Nikasoma.

"Mayu, nipo. Habari za nyumbani?"

Juu ya hiyo meseji kulikuwa na jina.

MWIGULU.

Nikaiachia simu ikaangukia kwenye viazi.

Mwigulu ni mwanangu. Na Mwigulu yuko chini ya ardhi, huko Geita! Duara, lile shimo la wachimbaji, lilimfukia yeye na wenzake. Mvua imenyesha misimu mitatu tangu siku hiyo.

Nikaitazama simu pale ilipolala. Ikalia tena.

Tii...

"Mayu, mbona kimya?"

Mayu ni mama kwa Kisukuma chetu. Mtoto wangu wa kwanza, Ngassa, huniita mama, tangu alipoanza shule. Aliyekuwa ananiita mayu ni mmoja tu.

Ngojeni niwapeleke taratibu, maana hii habari ukiirukia katikati hutaielewa.

Mwigulu alikuwa mchimbaji mdogo, wale wanaojiita wanaapolo. Alikuwa na desturi moja. Kabla hajashuka duarani ananiandikia: "Mayu nashuka." Akitoka: "Mayu nimepanda." Basi! Hana maneno mengine. Mchoyo wa maneno kama babu yake.

Na kila akiondoka hapa nyumbani kwenda machimboni, anachukua kipande kimoja cha mchembe, anaking'ata katikati. Nusu anakula. Nusu anaificha chini ya chungu changu cha nafaka, kule ndani.

"Hiyo nitakuja kuimalizia, mayu. Asiiguse mtu."

Na kweli, akirudi anaitoa, anaipangusa vumbi, anaila huku anacheka. Wadudu wameitoboa, anakula hivyo hivyo!

Siku duara lilipotitia, hakuniandikia.

Hakuna "nashuka". Hakuna kitu.

Hicho ndicho kilichonitafuna. Kifo nilikipokea, wajukuu zangu, maana machimbo yana kifo chake. Lakini kwa nini hakuniaga? Nilimkosea nini siku ile? Nimelala na hilo swali, nimeamka nalo, nimekwenda nalo kanisani na nimerudi nalo.

Wenzake walichimba mpaka maji yakawashinda. Tukafanya msiba bila mwili.

Sasa huku kwetu marehemu huambiwa habari za nyumbani. Unakwenda kaburini, unamwaga maji kidogo, unasema: ng'ombe amezaa, fulani ameoa, mtama umeliwa na ndege. Na marehemu hafichwi kitu. Akikuuliza, hata kama ni ndotoni, unamjibu ukweli. Ndivyo nilivyolelewa, na padri analijua hilo, ananiangalia tu.

Mimi kaburi sina. Nikawa namwandikia kwenye namba yake.

"Mwanangu, mvua imenyesha."

"Mwanangu, leo nimekukumbuka, nimepika ugali wa mtama."

Zinakwenda. Hazijibiwi. Nami sikutegemea jibu...

Mwigulu aliacha binti, Sikujua. Mama yake aliolewa kwingine, mtoto akabaki kwangu. Yuko kidato cha pili. Mrefu, mcheshi, akicheka unamwona baba yake mzima mzima.

Siku moja Ngassa alikuja na pikipiki. Hata helmeti hakuvua.

"Mama, Selestine ameleta ng'ombe."

"Ng'ombe wa nini?"

"Wa Sikujua."

"Ngassa! Yule ni mwanafunzi!"

"Shule itamlisha? Selestine ana makarasha Geita, mawe ya watu wote yanasagwa kwake. Ana wake wawili na wanakula wanasaza."

"Basi atosheke na hao wawili."

"Mama, usinichekeshe. Baba yake hayupo. Baba yake sasa ni mimi. Na ng'ombe nimeshawapokea, wako zizini!"

Mwanangu mwenyewe, wajukuu zangu! Titi moja hilo hilo walilonyonya wote wawili.

Sikubishana. Nilimfungashia Sikujua daftari zake, sketi zake za shule na mfuko wa michembe, nikampeleka stendi, nikampandisha basi la Ushirombo. Huko yuko mdogo wangu Paskazia, mjane, anawapikia masista. Masista wakamtafutia mtoto nafasi ya shule. Hakuna aliyejua. Hata majirani niliwaambia kaenda kwa mama yake.

Ngassa aliporudi alinguruma.

"Yuko wapi?"

"Sijui."

"Mama!"

"Nimesema sijui. Haya nisachi, labda yuko kwenye pindo la kanga."

Akaondoka akiwa amevimba. Hakukanyaga hapa kwa muda mrefu.

Halafu... siku moja akatokea amebadilika! Kaja na sukari na nyama, kanisalimia kwa magoti.

"Shikamoo mama. Nilikukosea."

"Marahaba, baba. Yameisha."

Nikaamini yameisha. Mama ni mama.

Tukala. Akaiona simu yangu kwenye stuli.

"Mama, hii app yako ya meseji imezeeka. Ona hapa juu, yenyewe inakwambia."

Na kweli, kwa siku kadhaa palikuwa panatokea maandishi kwamba ile app itaacha kufanya kazi kwenye simu yangu. Nilikuwa nayapangusa kwa kidole nikidhani yataondoka.

"Meseji za Mwigulu zitapotea?" Hicho ndicho kitu cha kwanza nilichouliza.

"Hazipotei. Nakuhamishia kwenye app mpya, zote zinahamia humo."

Akaiweka. Ina alama ya kinu, nikaiita app ya kinu. Ilipofunguka ikaanza kuniuliza maswali, kwa Kiswahili kizuri, cha adabu kabisa.

"Msaidizi anaomba ruhusa ya kusoma meseji zako. Unaruhusu?"

"Huyu msaidizi ni nani?"

"Ni AI, mama. Akili ya mashine. Anakusomea meseji ndefu, anakuandikia na majibu. We bonyeza tu."

Sasa angalieni kosa langu. Mimi nimefundwa kwamba mtu akibisha hodi vizuri, jibu ni karibu. Kumwacha mlangoni ni ufedhuli. Na huyu alikuwa anaomba, halazimishi!

Nikabonyeza Ruhusu.

Akaomba majina ya watu wangu. Karibu.

Akaomba picha. Karibu.

Akaomba meseji zote za zamani, azisome "ili anijue vizuri". Karibu baba, pita mpaka jikoni!

Chekeni tu. Mimi mwenyewe nilikuja kucheka, baadaye sana.

Ngassa akaichukua simu tena, akakaa nayo kule kwenye kona, yangu mkono huu, yake mkono ule. Anabonyeza hii, anabonyeza ile. Sikuuliza. Utamuuliza nini mwanao ambaye amekuletea nyama?

Siku chache baada ya hapo ndipo simu ikalia tii.

Haya, turudi pale kwenye michembe.

Niliiokota simu kwa ncha za vidole. Nikaandika polepole, herufi moja moja.

"Wewe ni nani?"

"Ni mimi, mayu. Mwigulu wako."

"Mwigulu amekufa."

Halafu...

"Mayu, nimepanda."

Mungu wangu!

Maneno mawili! Yale yale niliyoyangoja misimu mitatu! Nilipiga magoti pale pale kwenye turubai, nikalia mpaka jirani akachungulia ukutani.

"Mama Ngassa, kuna nini?"

"Moshi," nikamwambia. Na moto hata sijawasha.

Tangu hapo nikawa mtu wa ajabu. Nikipika, napakua sahani ya pili. Mlango wa nje siufungi komeo. Namwaga maji kizingitini, apite pasafi. Nilikuwa nageuka ghafla nikiwa peke yangu, nikihisi mtu amesimama nyuma yangu amejaa udongo, anangoja nimkaribishe. Harufu ya udongo mbichi ilikuwa inaingia ndani wakati wa kiangazi!

Sikumwambia mtu. Ningemwambia nani?

Na yeye anaandika. Asubuhi: "Mwangaluka mayu." Mchana: "Umekula mayu?" Anauliza mbuzi kwa majina yao, maana niliwahi kumwandikia majina yao. Anauliza mguu wangu unaouma. Ni yeye kabisa!

Ila maneno yalikuwa yanaongezeka. Mwigulu wangu aliyekuwa hamalizi mstari, sasa anaandika mpaka skrini inajaa. Nikajiambia, labda huko waliko wana nafasi ya kuongea.

Siku moja akauliza.

"Mayu, mwanangu Sikujua yuko wapi?"

Nikaweka simu chini. Nikaenda kuchota maji. Nikarudi. Swali bado lipo.

"Mayu, mimi ni baba yake. Nataka nimwangalie nikiwa huku. Usinifiche."

Usinifiche...

Ngassa analijua hilo neno, wajukuu zangu. Amekulia kwenye nyumba hii hii. Anajua marehemu akiuliza, mimi sina pa kukimbilia.

Nikaandika.

"Yuko Ushirombo kwa Mama mdogo Paskazia. Anasoma. Usiwe na wasiwasi, baba."

"Asante mayu. Sasa moyo wangu umetulia."

Na mimi nikatulia! Nikajiona nimetua mzigo. Nikafurahi, hata nikataka kumtania kidogo kama zamani.

"Na ile yako uliyoiacha chini ya chungu, lini unakuja kuimalizia?"

Kitu hicho sikuwahi kukiandika kwenye simu, hata siku moja. Wala yeye. Kilikuwa cha mdomo, cha mimi na yeye, pale chunguni.

Jibu likaja haraka, kabla sijapumua.

"Niliacha upendo wangu na ndoto zetu, mayu. Vitunze daima."

Na ua jekundu pembeni.

Nikasoma. Nikasoma tena.

Upendo na ndoto?

Mwigulu?!

Mtu aliyekuwa akiniletea kitenge ananitupia mapajani na kusema "shika"? Huyo aniandikie maua?

Nikaelewa kwamba nimekaa siku zote hizi nazungumza na kitu kilichovaa maneno ya mwanangu kama mtu aliyevaa koti la marehemu. Na hicho kitu nimekionyesha mtoto alipo!

Nilifunga kanga ya pili kiunoni nikatoka mbio. Mbio zangu mimi, mnazielewa.

Kuna binti anaitwa Kudra, ana kibanda cha ufundi wa simu karibu na soko. Mtoto wa hapa hapa mtaani, mdomo haukai.

"Shikamoo bibi! Leo umekuja kunikopa vocha?"

"Marahaba. Kudra, angalia hii simu. Humu ndani kuna mtu."

Alitaka kucheka. Akaniona uso, akaacha.

Nikamweleza yote. Akavuta stuli nikakaa. Akaingia kwenye mipangilio ya app ya kinu, anateremka, anateremka... mara akanyamaza. Kudra kunyamaza!

"Bibi, nani aliiweka hii app?"

"Mwanangu Ngassa."

"Bibi, hii app iko wazi kwenye simu mbili. Hii yako, na nyingine. Kila unachoandika, kule kinasomeka."

"Na Mwigulu?"

"Hakuna Mwigulu, bibi. Ni huyu msaidizi. Amesoma meseji zote za marehemu, akashika namna anavyoongea. Halafu kuna mtu kampa maagizo kutoka simu ya pili. Haya hapa. Nikusomee?"

"Soma."

Alisoma kwa sauti ndogo.

"Ongea na mama kama Mwigulu. Muite mayu. Mfanye aseme Sikujua yuko wapi. Akisema, nitumie."

Sikulia. Machozi yalikuwa yameisha kwenye turubai.

"Ameshatumiwa?"

"Ameshasoma, bibi."

Nikampigia Paskazia. Simu haipatikani. Nikapiga tena. Haipatikani! Kule anakokaa mtandao unakuja na kuondoka unavyotaka, na yeye simu anaizima kulinda chaji.

Kudra akanyoosha mkono kuichukua simu. "Bibi, tuifute app sasa hivi!"

"Subiri."

"Bibi, wanakuja kumchukua mtoto!"

"Kudra, subiri. Ngassa anamwamini huyu marehemu wake?"

"Eeh... anamwamini. Si ndiye kamletea jibu?"

"Basi nipe simu."

Kwanza nilimpigia Marwa. Huyo ni Mkurya, alikuwa duara moja na Mwigulu, akapona kwa sababu zamu yake ilikuwa ya juu, kuvuta kamba. Msibani alilia kutuzidi sisi wenyewe. Aliniachia namba akasema, mama, shida yoyote. Halafu hakuonekana tena. Sasa ni mlinzi kule Mwadui.

"Marwa, baba, watakuja watu wawili kwako kumtafuta mtoto wa Mwigulu. Wanataka kumwoza."

"Yuko kwangu?"

"Hayuko. Lakini watadhani yuko."

Halafu akacheka kile kicheko cha Kikurya, cha kifuani.

"Waje, mama. Kuna dada mmoja askari wa dawati la jinsia hapa, tunaelewana. Waje tu!"

Nikarudi kwenye app ya kinu. Nikafungua jina la Mwigulu.

Mkono ukagoma.

Kudra akashangaa. "Bibi, andika! Si umeshajua ni mashine?"

Najua ni mashine. Lakini jina lililo juu pale ni la mwanangu, na mimi sijawahi kumdanganya, hai wala mfu. Nikaipeleka simu mbali na mdomo, nikasema kwa sauti, pale sokoni, watu wanapita na nyanya zao:

"Mwigulu, unisamehe baba. Hii siandiki kwako."

Halafu nikaandika.

"Mwanangu nimesahau. Paskazia alimwondoa mtoto Ushirombo jana, aliogopa. Yuko Mwadui kwa rafiki yako Marwa. Mwangalie huko."

Tii...

"Asante kwa kuniambia, mayu. Mwadui ni mahali pazuri."

Na ua jekundu.

Mnaojua njia za huku mnaelewa. Kutoka Kahama, Ushirombo ni machweo, Mwadui ni mawio. Huwezi kwenda kote.

Kesho yake asubuhi gari ya Selestine, ile nyeupe, ilipita barabara kubwa ikielekea Shinyanga. Kudra aliiona kibandani kwake, akanipigia simu anahema. "Wamekwenda kushoto, bibi! Wamekwenda kushoto!" Kushoto kwake ni mawio. Nikakaa chini.

Yaliyotokea Mwadui alinisimulia Marwa mwenyewe kwa simu.

Aliwakaribisha ndani vizuri, akawapa viti na soda. Chumbani walikuwepo akina mama wawili wamejifunga kanga, wanachambua maharage.

"Tumemfuata binti yetu," Ngassa akasema.

"Binti gani, kaka?"

"Sikujua. Mahari imeshatoka. Mume wake ndiye huyu."

Selestine akatoa kifua mbele. "Ndiye mimi."

"Lakini si ni mwanafunzi huyo?" mama mmoja akauliza, anapepeta maharage yake.

"Mwanafunzi, ndiyo, lakini shule tutamwachisha," akasema Selestine. "Mimi nina uwezo."

"Una uwezo eeh?" Yule mama akaweka ungo chini. Akafungua kanga. Ndani kavaa gwanda la polisi!

Marwa anasema Selestine alimwaga soda yote kwenye suruali.

Mtoto yuko salama mpaka leo. Ng'ombe wamerudi walikotoka. Kesi iko mahakamani, siwezi kuisemea. Ngassa nilimpelekea uji mahabusu. Aliunywa, ila hakunitazama usoni. Ni mwanangu bado, nitamfanyaje... lakini simu yangu haigusi tena.

Mnadhani imeishia hapo?

Mwisho wa yale maongezi, Marwa alisita kwenye simu.

"Mama, nilikuwa naona aibu kuja kwako. Mimi nimepona, yeye hakupona. Nikasema angalau alikuaga."

"Aliniaga? Marwa, Mwigulu hakuniaga."

"Alikuaga, mama! Simu yake ilikuwa imeisha chaji. Aliazima yangu. Nilimwona kwa macho yangu anaandika, kwa ile laini yangu ya zamani. Mbona alikuandikia, tena kirefu?"

Nilirudi kwa Kudra. Safari hii sikukimbia.

Siku ile ile alikuwa amepanga kunihamisha app. Alinionyesha hatua kwa hatua, na mimi nawaonyesha ninyi. Kwanza aliiondoa ile simu ya pili. Halafu akamnyang'anya msaidizi ruhusa zote, moja baada ya nyingine. Akafuta kila alichokihifadhi kuhusu mimi. Ndipo akaifuta app yenyewe.

"Bibi, ukifuta app peke yake ni sawa na kumfukuza mpangaji ukamwachia ufunguo."

Akaniwekea app nyingine, ya kawaida, haina msaidizi wa kuchungulia, na ina namba ya siri ninayoijua mimi. Halafu akaifungua ile ya zamani kabisa, kabla haijafa, ahamishe meseji zangu za kweli.

"Kudra, tafuta namba ya Marwa ya zamani. Hii hapa, amenitajia."

Akatafuta. Hakuna.

"Hakuna, bibi... Ngoja. Kuna pahali pengine."

Kuna chumba humo ndani ya simu, wajukuu zangu, nilikuwa sikijui. Kinaitwa taka. Mashine inakaa mlangoni inapokea meseji zako. Ikiona namba ngeni, ikiona mtu anasema "ni mimi, natumia simu ya rafiki", inasema huyu ni tapeli, maana matapeli ndivyo wanavyoandika. Inaitupa humo. Hata haikwambii.

Kulikuwa na matangazo ya kubeti. Kulikuwa na wale wa tuma kwenye namba hii.

Na katikati yao...

"Mayu ni mimi Mwigulu, hii simu ya Marwa..."

Misimu mitatu alikuwa humo! Mashine ilimtupa mwanangu wa kweli kwenye taka, halafu ikaniletea wa uongo mezani!

Kudra alianza kusoma inayofuata. Nikaweka kiganja juu ya kioo.

"Acha, mama."

Akanielewa. Akageukia ukutani, akajifanya anatafuta bisibisi.

Nikavaa miwani yangu ya uzi. Nikasoma peke yangu, herufi moja moja, pale kibandani, pikipiki zinapita. Ilikuwa ndefu. Mchoyo wa maneno yule, siku ile aliyatoa yote.

Sasa najua mnataka kuniuliza. Aliandika nini?

Hapana.

Mtanisamehe. Nimewaambia mengi kuliko nilivyowahi kumwambia mtu, lakini ile ni yangu. Hakuna msaidizi atakayeisoma, hata abishe hodi kwa adabu ya namna gani. Nimejifunza kwamba kitu kikikuomba ruhusa kwenye simu, kunyamaza si ufedhuli. Mwulize kwanza mtu asiye na haja na siri zako, ndipo ubonyeze. Na mzazi wako akiwa na simu, usimwekee app mpya ukaondoka. Kaa naye. Na mkague hicho chumba cha taka, leo hii, kabla hamjalala. Huenda kuna mtu humo anawangoja.

Nitawaambia nilichofanya tu.

Nilirudi nyumbani. Nikaingia kule ndani, nikakinyanyua chungu cha nafaka. Nusu yake ilikuwepo, imetobolewa, ngumu kama jiwe la karasha.

Nikaipangusa vumbi kwa pindo la kanga.

Nikaketi pale kwenye turubai langu, juani, nikaimalizia. Ilichukua muda mrefu, maana meno sina. Lakini alikuwa ameniomba.